Beseni la Bluu na Kinyoleo cha Sekenke

Mbacha ni mkeka uliochakaa, umetoboka hapa na kukatika pale, lakini ni wako na usiku ukiingia utakulaza. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Mgeni akiutandika uani kwako utautamani, ila usisahau kwamba akimaliza swala yake ataukunja, atautia kwapani, na njia itamchukua yeye pamoja na msala wake. Hapo ndipo utakapoukumbuka mbacha wako uliokwisha kuutupa jalalani. Magreth wa Mwankoko aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, aliiandikia insha, na darasa zima likampigia makofi. Lakini methali ya shuleni haimshiki mtu mkono pale anaponyooshewa beseni jipya la plastiki.

Magreth alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa cheti, si wa kubahatisha. Cheti chake cha chuo cha ufundi kilining'inia ukutani juu ya cherehani, kimewekewa fremu na maua ya karatasi. Aliolewa na Stanley, kijana mrefu, mpole kama maji ya mtungini, aliyelima alizeti na kufuga kuku wa kienyeji. Walipendana mpaka majirani wakachoka kuwasema. Kitu kimoja tu ndicho kilichomkera Magreth kwa mumewe, nacho kilikuwa vinyoleo.

Vijana wengine wa Mwankoko walikusanya jezi za mpira. Stanley alikusanya vinyoleo vya zamani, vile vya wembe wa upande mmoja. Wembe wenyewe si huu mwembamba wa kila duka, unaokata huku na huku. Ule ulikuwa na makali upande mmoja, na upande wa pili una mgongo mnene wa bati lililokunjwa, mtu aushike bila kujichanja. Kinyoleo chake kilikuwa na kichwa kinachofunguka kama mdomo wa mamba. Unaulaza wembe ndani, unafunga taya, kinalia ka, kazi inaanza.

Stanley akienda msibani Iramba, alirudi na kinyoleo. Akienda harusini Mkalama, alirudi na kinyoleo, na wali wa harusi alikuwa hakumbuki kama aliula. Kimoja alikikuta kimefanywa komeo la banda la kuku. Kingine alikitoa kwenye dirisha la bibi mmoja wa Kiomboi aliyekuwa akikitundikia pazia. Alivisugua kwa majivu na ndimu mpaka vikang'aa, akavipanga kwenye sanduku dogo la mbao mezani, na kila mgeni aliyeingia alifunguliwa sanduku kabla hajaletewa hata kiti.

Mkubwa wao wote kilikuwa kinyoleo cha Sekenke. Babu yake Stanley alikipata alipokuwa akichimba dhahabu kule mlimani Sekenke enzi za mgodi wa wazungu. Dhahabu yenyewe hakurudi nayo hata chembe, alirudi na kinyoleo. Siku mwanawe, Mzee Mughwai, baba yake Stanley, alipoondoka nyumbani kwenda kufanya kazi ya reli, babu alimkalisha kwenye kigoda akamnyoa kwa kinyoleo hicho, akamwambia, "Nenda na uso wa kwetu." Tangu hapo ikawa desturi ya ukoo: mtoto wa kiume haondoki kwenda kutafuta maisha kabla baba yake hajamnyoa.

Tena kwa Stanley kinyoleo hicho hakikuwa cha desturi peke yake. Ndevu zake zilikuwa za kujikunja. Akinyoa kwa vinyoleo vya plastiki vya dukani, vyenye nyembe mbili tatu zilizobebana, nywele zilikatwa chini mno, zikajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na kesho yake kidevu kiliumuka kama unga wa maandazi. Kinyoleo cha babu kilikata pale pale juu ya ngozi, kikapita na kwenda zake. Stanley alimweleza mkewe mambo haya mara nyingi. Magreth alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya kijiji cha jirani.

"Shoga," jirani yake Anastazia alimwambia siku moja, amekaa kizingitini anakula karanga, "huyu mumeo anafungua makumbusho au? Wenzako wana kabati la vyombo, wewe una sanduku la vyuma vya marehemu."

"Niache, Ana. Leo kamfungulia mpaka mchungaji."

"Mchungaji kasemaje?"

"Kasema tumwombee."

Wakacheka hadi karanga zikamwagika.

Basi ikaja habari njema. Stanley alipigiwa simu kwamba amechaguliwa kwenda mafunzo ya askari wa wanyamapori, kambi ya upande wa Rungwa. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu alipomaliza shule, ameomba mpaka akazoea kukosa. Magreth aliposikia alitupa nguo ya mteja iliyokuwa kwenye sindano, akazunguka uani akipiga vigelegele hadi kuku wakapanda mtini. Sharti lilikuwa moja la kuangalia: kila asubuhi kwenye paredi kidevu kiwe laini. Mwenye ndevu anarudishwa nyumbani, na mwenye uso wa vidonda hapokelewi langoni.

"Hilo si tatizo," Stanley alisema, akaligonga sanduku lake kwa kidole. "Babu yupo." Mzee Mughwai naye akatuma salamu kutoka kijijini kwamba Jumamosi atakuja kumnyoa mwanawe, na Jumapili kijana aondoke.

Furaha ikimzidi mtu humpa na upofu kidogo. Magreth alitaka kumfanyia mumewe jambo kubwa, la kumfanya akienda huko porini amkumbuke mkewe kila asubuhi. Akaenda mjini, akamnunulia mashine ya kunyolea ya kuchaji, nyeusi, inayong'aa, yenye taa ya kijani inayowaka kama jicho la paka. Mwenye duka alimwambia hiyo ndiyo wanayotumia watu wa maana. Magreth akairudisha nyumbani ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa tazama mambo yanavyopangana. Kabla hata hajavua viatu, sauti ikasikika barabarani: "Skrepa, skrepa. Vyuma vibovu, sufuria zilizotoboka, vitasa, leteni mpate vyombo vipya." Alikuwa Festo, mnunuzi wa vyuma chakavu, anasukuma guta lake la magurudumu matatu, na juu ya guta mabeseni ya plastiki yamepangwa kwa rangi kama kanga za dukani. Juu kabisa lilikuwa la bluu. Upepo wa Singida ulilipuliza, likageuka likang'aa juani.

Anastazia alikuwa tayari ameshatoka na jembe lililovunjika. "Mage," akamwita, "wewe huna vyuma?"

Magreth akaitazama mashine yenye jicho la kijani. Akalitazama sanduku mezani. Akajisemea kwamba mtu mwenye gari hahitaji punda. Nyembe zenyewe alizitoa, kwa sababu alikuwa akizitumia kufumulia mshono. Mgongo wake mnene haukati kidole, na kwa kazi hiyo hakuna mfano wake. Akazitia kwenye kopo lake la vifungo. Vinyoleo vyote, na cha Sekenke kikiwamo, vikamwagwa ndani ya gunia la Festo, ka, ka, ka. Magreth akajitwika beseni lake la bluu akaingia nalo ndani kama bibi harusi.

Jioni Stanley alirudi kutoka shambani. Mkewe alimfumba macho kwa mikono, akampeleka mpaka mezani, akamfumbua mbele ya mashine.

"Mage, umeninunulia hii?"

"Nani mwingine? Unaibonyeza hapa, inanyoa yenyewe. Hata kioo huhitaji."

Stanley alitabasamu, akaigeuza geuza mkononi. Kisha macho yake yakatafuta mezani. "Sanduku umelihamishia wapi?"

"Sanduku lipo, nimeweka nyuzi. Vile vyuma nimempa Festo wa skrepa."

Stanley akaiweka mashine mezani. Nje jogoo mmoja aliwika akakatisha.

"Kakupa nini?"

"Beseni."

"La rangi gani?"

"La bluu."

"Bluu ni nzuri," Stanley alisema, akatoka kwenda kufunga banda la kuku, banda ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Heri angefoka. Heri angepiga meza. Magreth alibaki amesimama na beseni lake, na kwa mara ya kwanza akaliona kuwa dogo.

Asubuhi Stanley alinyoa kwa mashine mpya, ili asimvunje moyo mkewe. Ilinguruma, ikavuta, ikang'ata, akaisifu. Kesho yake alipoamka kidevu kilikuwa kimeumuka, na shingoni vipele vimejipanga vyekundu kama siafu njiani. Kila alipogusa, usaha na damu. Magreth alimkanda kwa maji ya moto na kumpaka utomvu wa mshubiri.

"Jumamosi itakuwaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vipele vitapoa. Kwa siku zilizobaki vitapoa, nisipogusa."

"Na ndevu zitakuwa zimeota."

"Zitaota."

"Na mashine ndiyo hii."

Stanley akaifunika mashine kwa kitambaa. Halafu akasema, "Baba akiuliza, nitamwambia kinyoleo nilikipoteza mimi. Wewe usiseme neno. Mkwe hagombani na mkwewe kwa ajili ya chuma."

Maneno hayo yalimchoma Magreth kuliko matusi. Mtu umemtupia urithi wake, umemharibia uso, kazi aliyoisubiri miaka inataka kumponyoka, halafu anajitolea kulibeba kosa lako mbele ya baba yake. Magreth aliinuka, akajifunga khanga kiunoni, akalitia beseni kichwani. Kopo la vifungo akaliweka ndani ya mkoba pamoja na sumaku yake ya kuokotea pini, kwa mazoea tu, maana fundi hatoki bila vitu vyake.

Stoo ya Festo ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, ua wa mabati yenye kutu, umejaa matairi, friji zilizochomolewa matumbo na fremu za baiskeli. Magreth alifika akihema. Katikati ya ua palikuwa peupe, pamebaki alama za magurudumu na vumbi jekundu la kutu.

"Karibu, dada wa beseni la bluu," Festo alimlaki, amekaa juu ya injini ya trekta. "Umekuja kuchukua la kijani?"

"Nimekuja kurudisha hili. Naomba vinyoleo vyangu."

"Ooh, pole. Lori limeondoka asubuhi. Chuma chote kimekwenda kuyeyushwa. Saa hizi vinyoleo vyako vinapunga mkono Manyoni."

Magreth akazitazama zile alama za magurudumu. "Chote?"

"Chuma ni chuma, dada. Hakina jina. Labda utakutana nacho tena kikiwa nondo, kwenye nyumba ya mtu."

Wasaidizi wake wakacheka. Magreth aligeuka aende. Alipolishusha beseni kichwani ili apumue, mkoba ukamteleza begani, kopo likafunguka, na vifungo, pini na nyembe vikatapakaa chini. Akachuchumaa, akatoa sumaku yake kama afanyavyo kila jioni akimaliza kazi, akaipitisha juu ya vumbi. Pini zikaruka zikajishika. Nyembe zikajishika. Zipu moja ya shaba ikabaki chini, imelala kimya kama haihusiki.

Magreth aliitazama ile zipu. Akaitazama sumaku. Akakumbuka meza yake ya kushonea, ile ile lilipokaa sanduku. Jioni ngapi alipitisha sumaku pale mezani kukusanya pini, na kinyoleo cha Sekenke Stanley amekiacha hapo hapo kando ya mkasi? Mkasi ulikuwa ukirukia sumaku kama mbwa aliyemwona mwenyewe. Kinyoleo hakikuwahi hata kutikisika.

Akainuka polepole. Hakuwa tena na haraka.

"Kaka Festo," akasema, "skrepa ikiingia hapa, unaitambuaje?"

"Kwa uzoefu."

"Na ile sumaku kubwa inayoning'inia mlangoni ni hirizi?"

Wasaidizi wakaacha kucheka. Festo akajikuna shingo.

"Vinyoleo vyangu si chuma," Magreth akaendelea. "Ni shaba iliyopakwa rangi ya fedha juu. Sumaku haivishiki. Na shaba hapa haipandi lori moja na chuma, au nadanganya? Inawekwa pembeni, kwa sababu ina thamani yake. Wewe ulijua ni shaba tangu ulipovipokea kwenye guta. Ukanipa beseni la kubadilishia vyuma."

"Sasa dada, biashara..."

"Shaba iko wapi?"

Festo alitazama juu, akatazama chini, akatazama lile beseni. Mwisho akaingia kibandani, akatoka na ndoo nzito iliyojaa mabomba ya maji, kufuli zilizokufa na bawaba. Akaimwaga. Kinyoleo cha komeo la kuku kikatokea. Kikatokea cha pazia. Magreth akapekua hadi chini kabisa, kucha zikijaa uchafu, na humo chini, kati ya bomba na kufuli, mamba wa Sekenke alikuwa amefumba mdomo anamsubiri. Aliokota wembe mmoja kwenye sumaku, akaulaza ndani, akafunga taya. Ka. Hakikuwa kimepinda hata unywele.

Magreth alikaa chini vumbini akacheka, machozi yakimtiririka.

"Chukua beseni lako," akamwambia Festo alipoweza kusema. "Na Jumatatu ulete hiyo suruali yako nikushonee, maana nyuma imefumuka na mtaa mzima unakuonea haya."

Festo akajishika nyuma. Wasaidizi wake wakaangua kicheko kilichosikika hadi barabarani, na Magreth akaondoka na vinyoleo vyake kwenye khanga, anatembea kama mtu aliyetoka Sekenke na dhahabu.

Alipoingia nyumbani, alivimwaga vile alivyobeba mapajani mwa mumewe. Stanley alivitazama kimoja kimoja. Alipofika kwa kile cha babu akakipuliza vumbi, akakifunga na kukifungua, akakifunga tena.

"Na beseni?" akauliza.

"Nimelirudisha."

"Lilikuwa zuri lakini."

"Stanley, usianze."

Hapo ndipo Stanley alipocheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akishika kidevu kwa maumivu.

Jumamosi Mzee Mughwai alifika mapema, kofia mkononi, fimbo kwapani. Magreth alipiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, baba."

Magreth alikuwa amejiapiza kumwambia mkwewe ukweli, na hakutaka chai ipoe kabla hajasema. Akasema yote akiwa ameinamisha macho, beseni, Festo, ndoo ya shaba na yote. Stanley alimkatiza mara mbili, naye hakukatizika. Anastazia, aliyekuwa amechungulia kuomba chumvi, aliganda mlangoni na kikombe chake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Ulikifuata kwa miguu?"

"Ndiyo, baba."

"Mpaka kwenye yale majalala ya mabati?"

"Ndiyo, baba."

"Babu wa mumeo alikifuata mbali zaidi," mzee akasema, "lakini yeye hakupekua ndoo." Akageukia kigoda. "Leteni maji ya moto."

Vipele vya Stanley vilikuwa vimepoa, na ndevu zimeota kama majani baada ya mvua ya kwanza. Mzee aliunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, akenda nao na kurudi, kisha akauweka kwenye kinyoleo. Povu likapakwa. Mzee akainua mkono kuelekea shavuni mwa mwanawe, na mkono ukaanza kutetemeka. Akaushusha. Akajaribu tena. Ulitetemeka kama ua la alizeti kwenye upepo wa mchana. Povu lilianza kukauka. Kesho ilikuwa safari, na chale moja tu kwenye ngozi ile iliyokuwa imepona jana ingefungua vidonda vyote upya.

Mzee alikitazama kinyoleo kwa muda. Kisha akageuka.

"Mama, shika wewe."

Magreth akarudi nyuma. "Mimi, baba? Hii ni ya baba na mtoto."

"Ni ya mtu wa kwetu anayemtuma mtu wa kwetu. Shika."

Akakishika. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Mzee akasimama kando yake, akaanza kumwelekeza. "Usikisukume. Kilaze kichwa chake kwenye shavu, kilale kama mtu aliyechoka. Uzito wake wenyewe utafanya kazi. Halafu sikiliza. Kikiwa sawa kinaimba. Kikinyamaza, simama."

Magreth akapapasa kwanza shavu la mumewe kwa kidole, kama anavyopapasa kitambaa cha mahameli kabla ya kukikata. Mahameli ukiyapapasa kwenda huku yanalala, ukirudi yanasimama, na fundi anayekata bila kujua yanakolalia ameharibu nguo. Ndevu nazo zilikuwa vivyo hivyo: mashavuni zililala kwenda chini, shingoni ziligeuka zikalala kwenda sikioni. Akazifuata zinakolalia. Kinyoleo kikaanza: krrr, krrr, kama mtu anayepepeta uwele kwenye ungo nyumba ya tatu. Mkono wa Magreth ukatulia. Pale chini ya taya kikanyamaza. Akasimama, akakilaza zaidi, kikaimba tena.

Stanley alifumba macho. Mzee Mughwai alikuwa ametega sikio, anatikisa kichwa polepole kwa ule wimbo, na midomo yake inakwenda bila sauti.

Magreth akapita mara moja tu kila mahali, asirudie, kama alivyoambiwa. Akamfuta mumewe kwa kitambaa cha maji baridi, akamsugulia jiwe la shabu la kuzuia damu. Wakasubiri damu. Haikuja. Kidevu kilikuwa laini kama yai lililomenywa.

Mzee akapitisha kiganja shavuni mwa mwanawe, upande huu na upande ule. "Nenda na uso wa kwetu," akasema, na Anastazia mlangoni akaachia kigelegele hadi kikombe kikamponyoka. Jumapili Stanley aliondoka na kinyoleo cha komeo la kuku mkobani, na cha Sekenke akamwachia mkewe.

Jumatatu usiku simu iliita. Magreth aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mage," Stanley alisema, "nimepita."

"Sema vizuri."

"Afande alipita mstari mzima. Kwenye vidole ana glavu nyeupe, anampapasa kila mtu kidevuni. Aliponifikia akapapasa mara mbili. Akaniuliza, 'Wewe umenyolewa na nani?' Nikasema, 'Mke wangu, afande.' Watu wakacheka. Akamgeukia mmoja wao akasema, 'Cheka na wewe ukioa.'"

Magreth alikuwa ameshapanda juu ya kiti, hajui kwa nini.

"Ngoja, sijamaliza. Jioni kaniita pembeni. Akavuta kola ya shati. Mage, shingo yake ni kama yangu ile wiki. Anauliza kama unaweza kumtafutia kinyoleo kama cha babu."

"Cha babu hapana."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Nikasema kuna kimoja kilikuwa cha pazia."

Toka siku hiyo Mwankoko hakukukalika. Anastazia alikuwa wa kwanza kuja, ameficha kitu kwenye upindo wa kanga. Mama yake alikuwa akikitumia kukwangulia ukoko wa sufuria. "Ni cha upande mmoja kweli?" aliuliza kwa kunong'ona. Magreth akakifungua mdomo, akakipitishia sumaku, haikushika. "Ni chenyewe, shoga." Wakaja wengine, wenye vilivyofungia milango na vilivyochezewa na watoto. Magreth akaviosha kwa majivu na ndimu kama alivyomwona mumewe akifanya, na kando ya cherehani akaweka kigoda, beseni la bati la zamani, na mkanda wa ngozi. Wanaume wenye vipele wakaanza kupanga foleni pamoja na wanawake waliokuja kushonewa. Sanduku la mbao likarudi mezani. Nyuzi zikatafuta pa kukaa.

Festo naye alikuja kushonewa suruali. Aliliegesha guta lake nje, na Magreth alipotupa jicho akaliona beseni la bluu likiwa juu ya matairi, ufa umelipasua kutoka ukingoni hadi katikati, limetiwa mawe lisipeperuke.

"Hilo si jipya lile?" akauliza.

"Lilikuwa," Festo akajibu, amekaa kwenye kigoda na khanga ya kuazima kiunoni, anasubiri suruali. "Jua la siku mbili tu, likaachia. Dada, na kidevu hiki utakigusa? Kinaniwasha."

Magreth akaulaza wembe ndani, akafunga taya. Kinyoleo cha Sekenke kikalia ka, kisha kikaanza kuimba, na mpaka leo kinaimba. Usitupe mbachao kwa msala upitao.